Niliuliza herufi ya mafuta, dereva wangu akaitwa mwizi

Baada ya masika yaliyopita nilikwenda na dereva wangu katika duka moja kubwa la tairi jijini Dar es Salaam, tukitafuta tairi za difu, yaani za ekseli inayosukuma gari, za lori letu linalokwenda Tunduma. Haja yetu ilikuwa tairi nyepesi kuzunguka, kwa kuwa safari yote ni ya lami, na tairi inayojikunja na kupata moto kupita kiasi huwa inakula dizeli bure.

Muuzaji alitutolea tairi za kashata nene, yaani mpira wa juu unaokanyaga barabara, zilizokatwa vipande vikubwa, zile za machimboni na njia za tope, akadai ndizo zinazobana mafuta. Nilimweleza kwa upole kwamba vipande hivyo hunesa kila vinapokanyaga lami, na nguvu ya injini hupotelea humo. Pembeni niliona tairi zenye lebo ya Ulaya, ambayo tangu Mei 2021 inahusu pia tairi za malori na hupanga matumizi ya mafuta kwa herufi, kuanzia A hadi E. Nikaomba nionyeshwe hizo.

Akajibu, “Mzee, hizo karatasi ni za Wazungu. Kama mafuta yanakuishia, mwambie dereva wako aache kuyauza njiani.”

Aliyasema hayo mbele ya dereva mwenyewe na wateja wengine, kuhusu mtu ambaye kwa miaka mingi amepandisha mzigo wangu mlima Kitonga, mvua na jua, na ambaye hesabu yake ya dizeli haijawahi kunitia shaka hata siku moja. Dereva aliinamisha kichwa, akatoka nje.

Nilizinunua zile zenye lebo kwa sababu sikuwa nimeona kwingine za ukubwa ule, na haki isemwe: tangu tuzifunge, lori linarudi na mafuta mengi zaidi tenkini, ingawa siku hizi tunapima pia upepo kila alfajiri kabla tairi hazijapata moto, kwa hiyo sifa zote si za tairi. Nilikusudia kuandika kwamba duka hilo linafaa kwa anayejua anachokitaka. Kadiri ninavyokumbuka uso wa dereva wangu, naona halifai hata kwa huyo. Tairi za tela nitazinunua kwingine, hata kwa bei ya juu, mpaka muuzaji yule amwombe radhi dereva wangu hadharani, kama alivyomtukana hadharani.