Programu ya afya kwa wazee: nimewapa simu, mimi nikanyamaza

Habari zenu watazamaji. Leo tunachambua programu ya simu ya kufuatilia afya. Unaandika presha, unaandika sukari, inakukumbusha dawa, na mwisho wa mwezi inakutolea ripoti ya kumpelekea daktari. Kwenye maelezo yake wamesema imetengenezwa kwa ajili ya wazee. Jina sitalitaja, maana kasoro nyingi nitakazowaonyesha mnaweza kuzikuta hata kwenye hiyo mliyo nayo, na sitaki mtu adhani akiikwepa hii moja basi ameshapona.

Majaribio sikuyafanya mimi. Macho yangu bado mazima na simu nashika kutwa, kwa hiyo kwangu kila kitu ni rahisi. Nimewapa wazee wenye presha na wenye sukari. Na sikuwaambia "bonyeza hapo kwenye alama ya kujumlisha". Nilisema, "Mama, umeshapima presha, sasa iweke kwenye simu." Halafu nikanyamaza. Jaribuni hiyo, mtaona kunyamaza kulivyo kugumu; kidole chako kinataka kwenda chenyewe kwenye kitufe. Wala huhitaji umati. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 tu wanatosha kufichua kasoro nyingi za programu.

Tuanze na kujisajili. Wanataka tarehe ya kuzaliwa. Inafunguka kalenda ya mwezi huu, na pembeni kuna mshale wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Aliyezaliwa mwaka 1950 atabonyeza huo mshale zaidi ya mara 800! Kumbe ukigusa ule mwaka ulioandikwa juu, orodha ya miaka inafunguka. Nani amemwambia? Hakuna alama, hakuna maelezo. Sehemu tatu za kuandika siku, mwezi na mwaka kwa namba zingemaliza kazi.

Kisha inakuja namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Mzee anatoka kwenye programu akausome ujumbe, akirudi anakuta fomu imejifuta, anaanza upya, na namba nayo imeshapitwa na muda. Hapa ndipo kijana wa nyumbani anaponyang'anya simu na kusema "lete nikufanyie". Mzee anaingizwa ndani bila kujua kaingiaje, na siku programu ikimtoa, harudi tena.

Maandishi, hapa nawapa sifa yao. Ukiongeza ukubwa wa herufi kwenye mipangilio ya simu, programu inatii, na zipo programu nyingi zisizotii. Ila ukifika ukubwa wa juu, kitufe cha "Hifadhi" kinasukumwa chini hadi kinafichwa na kibodi. Miongozo ya WCAG, inayotumika duniani kote kupima kama mtu yeyote anaweza kutumia kurasa za mtandao au programu, inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu kupotea. Hapa kinapotea kitufe muhimu kuliko vyote. Miongozo hiyohiyo inataka mng'aro wa herufi na wa rangi iliyo nyuma yake utofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Sasa angalieni tarehe hizi za kijivu juu ya nyeupe. Sogezeni simu, tazameni. Mimi mwenyewe nakaza macho.

Na rangi. Grafu ya wiki imegawanywa kwa kijani na buluu. Lenzi ya jicho hugeuka manjano kadiri umri unavyokwenda, na rangi hizo mbili ni kati ya zinazoanza kufanana. Wangeandika tu "kawaida" na "juu".

Haya, sasa tuje penyewe. Kuweka presha. Programu haikupi sehemu ya kuandika, inakupa magurudumu mawili ya namba ya kuzungusha kwa kidole. Mama mmoja mashine yake ilisoma 148 kwa 92. Alizungusha taratibu, akafika 148, akainua kidole, na katika kule kuinua gurudumu likasogea likakaa 151. Hakuliona, kwa sababu macho yalikuwa yameshahamia kwenye gurudumu la pili. Akahifadhi. Programu ikamwekea alama ya vema na maneno ya pongezi. Mwingine ameweka namba kinyume kabisa, ya chini juu na ya juu chini, na programu ikapokea bila kuuliza. Presha ya namna hiyo haipo! Namba ya juu siku zote ni kubwa kuliko ya chini, na kompyuta inaweza kulijua hilo kwa mstari mmoja wa msimbo.

Sukari ndiyo iliyoniudhi zaidi. Vipimo vya sukari husoma kwa vizio viwili: milimoli kwa lita, au miligramu kwa desilita. Tofauti yake ni mara 18. Mashine ya mzee inasoma 7.8, programu imewekwa kwenye miligramu, ambako kiasi hichohicho ni 140. Kizio kimeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, tena za kijivu. Mzee anaandika 7.8, na skrini inageuka nyekundu: "Sukari yako imeshuka sana." Sasa mtu aliyefundishwa kwamba sukari ikishuka ale kitu kitamu haraka, unadhani atafanya nini? Hapo habari ya mwonekano imeisha, tunazungumzia usalama wa mtu. Namba kama hiyo ilipaswa kukataliwa na kuulizwa: "Mashine yako inasoma kwa kizio gani?"

Vikumbusho vya dawa ni vizuri kwa kiasi. Ukibonyeza "Nimekunywa" mara ya pili kwa dozi ileile, inauliza kwanza. Hilo nimelipenda, linamkinga mtu asinywe dawa mara mbili. Lakini mlio wake ni mwembamba na mkali, na masikio yanapozeeka, sauti za aina hiyo ndizo hutangulia kupotea. Pia baadhi ya simu zikiingia kwenye hali ya kutunza chaji huzima programu za nyuma, kikumbusho kinakufa kimyakimya. Mzee atasema programu haikumwamsha, nyumbani watasema amesahau.

Vitufe sasa. "Hariri" na "Futa" vimebanana. Google wanashauri kitufe kwenye Android kisiwe chini ya dp 48, na Apple wanasema pointi 44; dp na pointi ni vipimo vya ukubwa wa vitu kwenye skrini. Hivi havifiki hapo. Kidole kinachotetemeka, au chenye ngozi kavu ambayo skrini haiisikii vizuri, kinabonyeza mara mbili tatu, na rekodi ya jana imefutika.

Mwisho wa majaribio niliwapa dodoso la SUS, la kupima urahisi wa kutumia programu, lile lililotungwa na John Brooke mwaka 1986, maswali 10, alama hadi 100, na wastani unaotajwa sana ni 68. Wazee waliokwama kabisa waliipa programu alama nzuri. "Programu haina shida, mimi ndiye sijui." Kwa hiyo kampuni ikikuonyesha alama za kuridhika za wazee, uliza wangapi walimaliza kazi bila kusaidiwa. Nyota zile msizitazame, tazameni mikono.

Uamuzi wangu: kwa mzee wa presha aliyezoea kutuma ujumbe kwenye simu, inafaa, akiandaliwa. Kwa anayetumia insulini, hapana, mpaka warekebishe hilo la kizio. Ukiamua kumwekea mtu wako, ingia kwenye mipangilio ya programu uchague "Andika kwa kibodi", magurudumu yanaondoka. Kwa nini hawakuanza hivyo, waulizeni wao. Linganisha kizio na mashine yake. Iondoe programu kwenye utunzaji wa chaji. Badilisha mlio uwe mzito. Herufi ziongeze hatua moja, halafu hakikisha "Hifadhi" bado inaonekana.

Kisha mpe simu apime na aandike mwenyewe, nawe usiguse. Akishindwa kuhifadhi, mrudishie daftari lake na kalamu. Daktari atazisoma namba zilezile.