Fossil: historia yote ya mradi katika faili moja

Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikitumia Fossil, programu inayoweka historia ya mabadiliko ya msimbo, kutunza msimbo wa programu ya mauzo ninayoiandikia duka la dawa, na nimeridhika nayo kuliko nilivyotarajia. Aliyeianzisha ni D. Richard Hipp, mtunzi wa mfumo wa hifadhidata wa SQLite, na tangu mwaka 2007 msimbo wa Fossil wenyewe unatunzwa ndani ya Fossil. Git, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, hutawanya vitu vyake katika folda na vijifaili vingi. Fossil huweka mabadiliko ya msimbo, tiketi za hitilafu na kurasa za wiki katika hifadhidata moja ya SQLite, ambayo kwenye diski ni faili moja tu.

Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuhifadhi mabadiliko, na betri ya kompyuta yangu ilikwishachoka siku nyingi. Nilipowasha tena nilikuta hazina, yaani faili hilo la historia, iko salama katika hali yake ya mwisho iliyokamilika, kwa sababu SQLite ama huandika badiliko lote, ama hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nikarudia amri ya fossil commit, kazi ikaendelea. Waliowahi kutumia Subversion ya zamani (programu nyingine ya namna hii) juu ya hifadhidata ya Berkeley DB, ambayo iliweza kukwama kazi ilipokatizwa hadi irekebishwe kwa mkono, wana haki ya kuiogopa hifadhidata, ila hapa sijakutana na adha hiyo.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba historia inaulizika. Katika Git, kila badiliko humtaja mzazi wake tu, yaani badiliko lililolitangulia, hivyo kuwapata watoto wake hulazimu kupita historia kuanzia ncha za matawi, yaani mabadiliko ya mwisho ya kila mkondo wa kazi. Fossil ina jedwali liitwalo plink linaloweka mzazi na mtoto pamoja. Nafungua fossil sql, naandika mstari mmoja wa SELECT (amri ya kuiuliza hifadhidata), na jibu linakuja papo hapo. Majedwali ya namna hiyo ni faharasa tu, na yakiharibika amri ya fossil rebuild huyajenga upya kutoka kwenye kumbukumbu za asili.

Tahadhari zipo. Faili hilo lisiwekwe kwenye diski ya mtandao, kwa kuwa kufuli za SQLite haziaminiki huko, wala lisinakiliwe kwenye flashi wakati linaandikwa. Video na faili nyingine kubwa mno hazifai kutunzwa humo. Tena, aliyezoea kuipanga upya historia kabla ya kuwaonyesha wenzake hatapata rebase, kwani waundaji waliikataa kwa makusudi, nami nakubaliana nao, maana kosa langu la Machi nalihitaji lilivyokuwa ili nijue bei zilianza kukosewa lini.

Gharama kubwa ni upweke, kwa kuwa wenzangu karibu wote wanajua Git pekee. Wanapotaka msimbo nawapelekea kwa fossil git export, na hazina ya asili inabaki kwangu.