Failslab kwa kodi ya buti: nyota tatu na nusu

Kama unaandika kodi ya keneli ya Linux inayokimbia mashine ikiwa inabuti shida yake unaijua, ile mistari ya "kmalloc ikirudisha NULL fanya hivi" (yaani ombi la memori likikataliwa) haikimbiagi kabisa, mashine ndo kwanza inaamka, memori karibu yote iko wazi, nani atakunyima? Na hata ikibana, ukiomba kidogo kwa GFP_KERNEL (ombi la kawaida, linaloruhusiwa kusubiri), yaani mpaka kurasa 8 ambazo ni KB 32 kwenye mashine ya kurasa za KB 4, keneli itahangaika kukutafutia kuliko ikurudishe mikono mitupu. Kwa hiyo ile kodi unaiandika kwa imani tu.

Failslab ni zana ya majaribio, inakunyima memori makusudi. Imo humo humo kwenye keneli tangu 2.6.20 ya 2007, unawasha CONFIG_FAULT_INJECTION na CONFIG_FAILSLAB, unakompaili, alafu kwenye mstari wa buti unaandika failslab= na namba nne: kila baada ya maombi mangapi, asilimia ngapi, baiti ngapi zipite kwanza bila kuguswa, na igome mara ngapi. Hiyo ya tatu ndo tamu, maana ukigomea tangu mwanzo keneli inakata roho kabla haijakuonyesha chochote, sasa wewe unaiachia baiti kadhaa inasogea, unaongeza kidogo inasogea tena, mimi nilikaa na QEMU (mashine ya kuigiza) jioni nzima nikiisukuma hivyo.

Sasa njoo kwenye kero. Niliweka asilimia 100, draiva yangu ikapita bila mkwaruzo, kwenye logi "FAULT_INJECTION: forcing a failure" zipo ila zote za watu wengine, nikajiona fundi kweli kweli. Siku mbili baadaye ndo nasoma vizuri, kumbe failslab isipoambiwa inayaruka maombi yote yanayoruhusiwa kusubiri, na GFP_KERNEL ndo hayo hayo! Swichi ipo, inaitwa ignore-gfp-wait, lakini iko debugfs (mafaili ya kuchunguzia keneli), unaifikia mfumo ukishaamka na kodi yangu ilishakimbia zamani, na zile namba nne hazina nafasi yake. Nikaingia mm/failslab.c, true nikaigeuza false, nikakompaili upya.

Buti ya kwanza tu, chali. Fanksheni yangu ya init inatengeneza kashe (ghala la vipande vya memori), inaomba jedwali, jedwali halikupatikana inarudisha -ENOMEM (memori haipo) na kuiacha kashe pale pale, hilo dogo. Kubwa ni kwamba draiva imejengwa ndani ya keneli, siyo moduli, na keneli ikipewa eror na initcall (fanksheni ya init) ya namna hiyo inaendelea na safari zake, bila initcall_debug hata hausikii kitu, kisha draiva nyingine ikaja kulitumia jedwali langu, pointa ni NULL, oops, yaani keneli imejikwaa. Mimi nilidhani nikisharudisha eror kazi yangu imeisha. Sahivi kila fanksheni wanayoiita wengine inaangalia kwanza jedwali lipo, halipo inarudisha -ENODEV (kifaa hakipo).

Siyo kila kitu kitendewe hivyo lakini, kashe ya inode (rekodi za mafaili) ikikosekana hakuna mfumo hapo, weka SLAB_PANIC keneli ife palepale na ni sawa kabisa. Wanaonichosha ni wale wa BUG_ON (amri ya kuangusha keneli) kwenye draiva ya kitaa cha pembeni, mashine nzima izimwe kwa ajili ya kitaa jamani.

Na ujue failslab haigusi memblock, kigawa memori cha mwanzo wa buti. Kabla slab (kigawa memori cha kmalloc) haijasimama memori inatoka kwa memblock_alloc na huko failslab haifiki, utasoma kodi kwa macho yako au utumie memblock_alloc_or_panic (ikikosa inasimamisha keneli) kwenye keneli za karibuni.

Naendelea kuitumia, kila draiva yangu inapitia hapo kwanza. Nyota moja imeondoka na ile swichi, nusu ni ya zile siku mbili.