TargetScan na jeni za kisukari: tumeipima kwa miR-375

Karibuni, watazamaji. Leo tunaichambua TargetScan, programu ya mtandaoni iliyoasisiwa katika maabara ya David Bartel, Taasisi ya Whitehead, Marekani, ambayo hutabiri jeni zinazodhibitiwa na mikroRNA, yaani vipande vifupi vya RNA, vyenye herufi 22 hivi, vinavyojibandika kwenye RNA ya ujumbe na kupunguza utengenezaji wa protini. Haina malipo wala haidai usajili.

Nimeipima kwa mikroRNA iitwayo miR-375, ambayo ni nyingi katika seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba ikizidishwa, seli hizo hutoa insulini kidogo zaidi zinapopata glukosi, na kwamba miongoni mwa jeni inazozidhibiti ni ile ya protini iitwayo maiotrofini. Jeni hiyo nayo iliteuliwa kwanza kwa utabiri wa kompyuta, kwa hiyo nakiri kwamba mtihani wangu ni mwepesi kidogo.

Ufunguo wa programu hii ni herufi ya 2 hadi ya 8 ya mikroRNA, ambazo kwa miR-375 ni UUGUUCG. TargetScan huzisaka herufi zinazooana nazo, CGAACAA, katika mkia wa RNA ya ujumbe, kisha hutazama iwapo zimebaki vilevile katika wanyama wengine. Hapa pana jambo linalonivutia sana: C inayofuatwa na G ni adimu katika jenomu za wanyama wenye uti wa mgongo, hivyo shabaha za miR-375 huwa chache, ilhali let-7, mikroRNA nyingine, hukuletea jeni kwa mamia, nawe hujui uanzie wapi.

Alama ambazo TargetScan huipa kila shabaha zinahitaji uangalifu, kwa kuwa kadiri zinavyoshuka chini ya sifuri ndivyo udhibiti unavyotarajiwa kuwa mkubwa, na mgeni huzisoma kinyume. Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba programu hulinganisha herufi tu, bila kujua kama jeni na mikroRNA hiyo zinakutana katika seli moja. Jeni inayofanya kazi kwenye ini pekee inaweza kuorodheshwa chini ya miR-375 kana kwamba inaihusu kongosho.

Anayetafiti kisukari namshauri aitumie kuchuja majina, ayalinganishe na ya miRDB, hifadhidata nyingine ya mtandaoni ya utabiri wa aina hii, halafu ahakikishe kwamba jeni aliyoichagua inafanya kazi katika seli beta kabla hajaagiza kemikali za kuithibitishia maabarani.