Winchi ya umeme ya kilo 400 kwenye paa la Mji Mkongwe: uzoefu wangu

Boksi limeandikwa kilo 400, na muuzaji wa Darajani hakuwa na sifa nyengine ya kunitajia. Kweli inanyanyua kilo 400, lakini mita 6 tu. Ukitaka ifike mita 12, mwisho wake kilo 200. Waya ni huo huo mmoja. Ukiushusha moja kwa moja, unabeba mzigo wote. Ukiupitisha kwenye kapi na ncha yake ukaifunga juu kwenye fremu, uzito unagawika pande mbili: nguvu inazidi maradufu, mwendo na kimo vinakatika nusu. Mabaharia wa majahazi wanaijua hesabu hii tangu zamani, ndiyo inayowapandishia foromali, ule mti unaobeba tanga. Kreni za mizigo mizito nazo ni hivyo hivyo, ila waya wao unapita kwenye kapi mara nne, sita au zaidi, ndiyo maana mzigo unapanda polepole.

Sisi tunatengeneza paa la nyumba ya ghorofa tatu, Mkunazini. Kichochoro chenyewe gari ya hamali inapita kwa taabu, seuze kreni ya lori. Kwa kimo kile hizo kilo 400 hazitufai kitu, tunafanya kazi na waya mmoja: ndoo za chokaa, mawe, na boriti moja moja. Ndoo inafika juu kwa dakika moja na kidogo. Zamani vijana walikuwa wakipanda nazo kwenye ngazi ile ya giza, kwa hiyo hapo sina malalamiko.

Breki ndiyo iliyonifanya niipende. Ndani mna springi inayoibana muda wote, na umeme ukiingia sumaku ndiyo inayoiachia. Umeme ukikatika, breki inashika yenyewe. Ulikatika kweli, boriti ikiwa katikati ya ukuta. Haikuteremka hata kidogo. Ilibaki inaning'inia, tukafunga kichochoro na kuzungushia watu njia nyengine mpaka umeme uliporudi. Maneno tuliyoyasikia siyaandiki hapa. Muuzaji alikuwa ameshaniambia, "Shekhe, chukua hii ya gari, bei rahisi." Nilikataa. Winchi ya gari imetengenezwa kuvuta kitu kilichokwama chini, breki yake si ya kuning'iniza mzigo juu ya vichwa vya watu.

Mota ina wati 780 na kibati kimeandikwa S3 20%, 10 min. Maana yake katika kila dakika 10 ifanye kazi dakika 2, nane ipumzike. Mafundi hawataki kusikia habari hiyo. Wakiwa na haraka, mota inakuwa ya moto haishikiki. Na usiitumie kwa waya mwembamba wa umeme wa kuungia kutoka chini: umeme unafika juu umepungua, mota inanguruma bila kunyanyua. Tuliponunua waya mnene, kelele iliisha.

Kitu kibovu ni waya wa chuma. Hewa ya chumvi ya huku imeanza kuutia kutu mapema, na grisi iliyokuja nayo ilikuwa jina tu. Sasa tunaupaka wenyewe na kuukagua kwa kitambaa. Kikinasa kwenye uzi uliokatika, tunabadilisha waya. Pia ngoma yake ni nyembamba na haina mifereji, kwa hiyo waya ukilegea hujikunja ovyo na kujibana chini ya tabaka la juu. Ushusheni ukiwa na uzito kidogo kwenye kulabu, na mizunguko mitatu ibaki kwenye ngoma siku zote, maana hiyo ndiyo inayoushikilia, si ile skrubu ndogo ya pembeni.

Kwa laki nne na kitu nimeridhika. Mwenye nyumba ya ghorofa moja au mbili anunue hii. Anayefika ghorofa ya nne atafute yenye waya wa mita 20 au zaidi, wala asidanganywe na namba kubwa ya kwenye boksi.