Daktari wa kwenye simu: dakika sita, na kilo za mtoto hakuuliza

Nianze na kilichoniudhi, maana hata nikijizuia kitatoka tu. Ni juzijuzi hapa, shule zimefunguliwa na mafua yamefunguliwa nazo. Daktari wa kwenye video alimtazama mtoto, akaandika, akasema, "Mama, mpe parasetamoli kijiko kimoja mara tatu, na antibiotiki siku tano kwa ajili ya hilo sikio," akaaga. Dakika sita. Kilo za mtoto hakuuliza. Programu yenyewe nayo haikuuliza. Inataka barua pepe, inataka picha ya mtoto, inataka hata kujua ulisikia wapi habari zao, lakini mahali pa kuandika uzito hakuna.

Dawa ya mtoto haitolewi kwa kukadiria sura. Parasetamoli huhesabiwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi dozi 4 ndani ya saa 24. Umri haukuambii kila kitu, kwa sababu watoto wawili wanaokaa dawati moja wanaweza kupishana kilo nyingi tu. Halafu kuna chupa. Dawa ya maji ipo yenye miligramu 120 katika mililita 5, ipo ya 160, ipo ya 250, na kwa nje maboksi yanafanana kama mapacha. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 200 hadi 300. Ukimpa mililita 5 za ile ya 120, umemwonjesha tu. Homa haishuki, mnakesha, asubuhi mnasema dawa haifanyi kazi. Chukua mililita 5 hizohizo kwenye chupa ya 250 umpe mdogo wake wa kilo 10, hapo umempa miligramu 25 kwa kilo, na ukiendelea hivyo mchana na usiku, ini ndilo linaloumia. Sasa "kijiko kimoja" ni kijiko kipi, na cha chupa ipi? Vijiko vya jikoni havina kipimo maalumu. Dawa ya mtoto hupimwa kwa bomba lenye mistari ya mililita, na aliyeandika dozi anatakiwa aandike miligramu na mililita pamoja, baada ya kukuomba usogeze chupa kwenye kamera asome lebo. Inachukua nusu dakika.

Lingine ambalo hakuuliza ni dawa gani nyingine mtoto anatumia. Dawa nyingi za mafua za mchanganyiko zina parasetamoli ndani yake. Mzazi anampa ya mafua, anaongeza ya homa, dozi imekuwa mbili bila yeye kujua. Swali moja tu lingetosha.

Tuje kwenye sikio. Ugonjwa wa sikio la kati unaonekana nyuma ya ngoma ya sikio, na ngoma ya sikio haionekani kwa kamera ya simu, hata simu iwe mpya kiasi gani. Inahitaji kifaa chenye taa cha kuchungulia. Mtoto kushika sikio si ushahidi. Anaweza kulishika kwa sababu ya jino, koo, nta, au usingizi. Na hata sikio likiwa kweli limeugua, kwa mtoto aliyezidi miaka 2 ambaye maumivu si makali na homa si kubwa, mara nyingi husubiriwa saa 48 hadi 72 huku akipewa dawa ya maumivu, kwa sababu mengi hupoa yenyewe. Usaha ukitoka, au uvimbe ukitokea nyuma ya sikio, hilo si la video tena. Daktari mwenye kujiheshimu angesema, "Hili siwezi kuliona kutoka hapa, mpeleke akachunguzwe." Sentensi hiyo ingenifanya nimpe nyota tano, nasema kweli.

Koo nalo lina mtego wake. Mtoto akiwa na mafua, kikohozi na sauti iliyokauka, mafindofindo yake kwa kawaida ni ya virusi, na antibiotiki haitamsaidia chochote. Homa bila kikohozi, tezi za shingo zinauma zikiguswa, madoa meupe kooni, mtoto wa miaka 5 hadi 15: hapo ndipo bakteria hushukiwa, na hata hapo kipimo cha kupangusa koo ndicho huamua. Ukitaka koo lionekane vizuri usitegemee video, maana intaneti ikiyumba picha inakuwa ukungu. Piga picha kwa kamera ya nyuma, tochi ikiwaka, mtoto akiwa amekaa mkabala na dirisha, ulimi umekandamizwa kwa mpini wa kijiko safi naye akisema "aaa". Tuma picha tatu, yeye achague.

Na pumzi. Hili watu wa video wanalikosea vibaya, wanamtazama mtoto kwenye skrini sekunde kumi wanasema anapumua vizuri. Video inakwama, inaruka, huwezi kuhesabia pumzi hapo. Mhesabie mwenyewe kabla hujapiga: shati limevuliwa, mtoto ametulia, halii, hajatoka kukimbia, dakika nzima kwa saa, si nusu dakika mara mbili. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni haraka mno. Mwaka 1 hadi kukaribia 5, ni 40 au zaidi. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea haamki vizuri, au amepata degedege, kata simu uende hospitali. Usisubiri foleni ya mtandaoni. Na penye malaria, homa haipimwi kwa macho ya mtu aliye kwenye skrini. Ni tone la damu kwanza.

Hapa ndipo nilikuwa niandike kwamba nafuta programu yao. Bahati mbaya kwa hasira yangu, kuna mambo wanayoyaweza, tena vizuri kuliko kukaa na mtoto saa tatu kwenye benchi la wagonjwa.

Ngozi, kwa mfano. Tetekuwanga hutaki kabisa kuipeleka kwenye chumba kilichojaa watoto wachanga na wajawazito. Picha mbili zinatosha kwa kawaida, moja ya mbali kuonyesha upele umesambaa wapi, moja ya karibu yenye sarafu pembeni ili ukubwa ueleweke, kwenye mwanga wa mchana, bila mwako wa kamera. Kama ngozi ya mtoto ni nyeusi, usitarajie wekundu uonekane. Eleza kwa maneno kama panawasha, kama pana joto, kama pamekwaruza ukipapasa. Nilipopeleka swali la mapunye, daktari mwingine kabisa wa programu hiyohiyo alijibu kama mtu aliyesoma: krimu haifiki kwenye shina la nywele, inahitajika dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na akauliza kilo. Akauliza kilo! Nilitaka kumkumbatia.

Upele wa kuwasha unaoambukizana nao wanaumudu, mradi wakupe maelekezo kamili: krimu ya permethrini asilimia 5, kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha, ikae saa 8 hadi 14 ndipo aoge, na irudiwe baada ya wiki moja hivi. Wote wa nyumbani wapake usiku mmoja, hata asiyejikuna. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto, visivyofulika vifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku 3 au zaidi. Anayepaka mtoto mmoja tu ataambukizwa upya na kaka yake, halafu atailaumu krimu.

Kuharisha pia wanasaidia, mtoto akiwa bado anakojoa na anakunywa. ORS kidogokidogo kwa kijiko, na ukichanganya fuata kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu kuna za lita moja na kuna za nusu lita. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, kwa aliye kati ya miezi 6 na miaka 5. Mzazi huacha siku ya tatu choo kikishakaza. Asiache.

Kwa hiyo nikapanda hadi nyota tatu. Nilikuwa naziacha hapo.

Halafu ukaja ujumbe wa yule wa kwanza: "Je, mtoto anaendeleaje?" chini yake vitufe viwili, nafuu na bado. Nikafikiri, haya, angalau wanafuatilia. Nikabonyeza bado. Ikafunguka ukurasa wa kulipia mashauriano mapya, mwanzo kabisa, barua pepe, picha ya mtoto, ulisikia wapi habari zetu.

Nyota mbili. Ukilazimika kuwatumia, kabla hujapiga andika kwenye karatasi kilo zake za leo, joto na saa ulilolipima, pumzi kwa dakika, mara ya mwisho alipokojoa, na jina na nguvu ya kila dawa iliyo nyumbani. Wasomee hata wasipouliza. Wakikupa "kijiko kimoja", waulize miligramu ngapi, na usikate simu mpaka wataje namba.