Tathmini ya Huduma ya Usanifu: Nyumba ya Familia Inayofunguka kwenye Bustani

Ofisi ya usanifu majengo iliyotuchorea nyumba inastahili sifa, hasa kwa sababu kabla ya kuchora hata ukuta mmoja ilipima mteremko wa kiwanja, mwelekeo wa upepo na mahali ulipo kila mti mkubwa.

Sebule na jiko vinatazama miti, na kati yake na baraza kuna milango mipana ya kioo ya kuteleza, ambayo reli yake imezamishwa sakafuni kiasi kwamba mtoto anayetambaa au bibi mwenye mkongojo huvuka bila kikwazo. Nje tu ya reli hiyo upo mfereji mwembamba wenye kifuniko cha matundu; bila huo, kizingiti bapa kama hiki kingeingiza maji ya mvua ndani.

Upenu umerefushwa ili kioo kikae kivulini jua linapokuwa juu. Upande wa magharibi, ambako jua la jioni hushuka na kupenya chini ya upenu wowote, madirisha yamepunguzwa na kukingwa kwa mbao zilizosimamishwa wima, uamuzi ambao kwa maoni yangu ndio uliookoa vyumba vya kulala.

Lawama yangu ni moja, wala si ndogo: nyavu za kuzuia wadudu hazikuwamo katika michoro, na kuzifunga baadaye kwenye milango mipana kiasi hicho ni kazi ngumu isiyopendeza macho. Atakayeitumia huduma hii adai zichorwe tangu mwanzo.